Z97-A: menyu ya ovakloki imetoweka baada ya fundi kufufua BIOS

Kijana_wa_Kihonda

Wakuu salaam. Naomba msaada kwa anayezijua bodi za Intel za zamani kidogo.

Nina sehemu ya gemu hapa Kihonda, Morogoro. Mashine mbili kati ya nilizonazo ni Asus Z97-A zenye prosesa i5-4690K, zile za K ambazo maltiplaya yake (namba inayozidisha saa ya bodi kupata kasi) iko wazi. Zilikuwa zinakwenda 4.4 GHz viini vyote vinne bila kulalamika, vijana wanacheza mpira mpaka nafunga. Sasa umeme ukakatika mdogo wangu akiwa katikati ya kusasisha BIOS (programu ya kuamshia bodi) ya moja, ikawa haiwaki: feni zinazunguka, skrini nyeusi. Ya pili ilikuwa na ugonjwa wake wa zamani wa kujizima na kujiwasha, nikaona zote ziende kwa fundi mmoja.

Zimerudi, zinawaka, Windows inaingia. Ila ovakloki, yaani kuikimbiza prosesa kupita kasi ya kiwandani, ndiyo imekufa. Kwenye Ai Tweaker, ukurasa wa BIOS wa kuongeza kasi, mstari wa BCLK (saa kuu ya bodi) haupo kabisa. Maltiplaya naandika 44, nabonyeza F10, mashine ikiwaka iko 3.5, ikijitahidi 3.9, yaani ya kiwandani tu. Intel XTU, programu ya kuongeza kasi ndani ya Windows, inafunguka lakini vitelezi vyote ni vya kijivu, havisogei. Mashine zote mbili, ugonjwa uleule.

Nilichokwisha kufanya: betri ya CR2032 imelala nje usiku kucha, jampa ya CLRTC, Load Optimized Defaults, na BIOS ya mwisho kutoka tovuti ya Asus nimeiingiza kwa EZ Flash. Inamaliza vizuri, inasema imefanikiwa, na hakuna kilichobadilika.

Fundi nimemrudia, anasema prosesa zimechoka. Prosesa mbili zichoke siku moja?

Kuna jambo jingine la mtandao, hizi mbili zinanyang'anyana intaneti, ikiingia hii ile inakatika. Hilo nadhani ni swichi, nitalifungulia uzi wake.

Babu_Volti

Pole mkuu. Hapo usimlaumu fundi, hao ni Intel wenyewe. Disemba 2019 lilitangazwa pengo la Plundervolt, CVE-2019-11157. Watafiti walionyesha kwamba ukichezea volteji ya prosesa kwa programu unaweza kuiharibia hesabu zake za siri. BIOS zilizotoka baada ya hapo zikafunga mlango. Laptop yangu nayo ilipoteza undervolt (kupunguza volteji) hivyohivyo, asubuhi ipo, jioni haipo. Rudisha BIOS ya zamani utaona mambo.

Mwanaidi_Chipu

Babu, shikamoo. Plundervolt ilikuwa inashambulia SGX, kile chumba cha siri ndani ya prosesa, na SGX imeanza na Skylake, 2015. Prosesa ya huyu kijana ni Haswell, kizazi cha kabla ya hapo, haina SGX ya kushambulia. Kwa laptop yako uko sahihi, kwa bodi hii hapana.

Kijana wa Kihonda, usifungue uzi mwingine. Hilo la mtandao ni la humuhumu.

Fungua CMD kwenye kila mashine, andika `getmac`, ikupe MAC, yaani anwani ya kadi ya mtandao, kisha `wmic baseboard get serialnumber`. Niwekee majibu yote manne hapa. Halafu ingia BIOS, tafuta inapoonyesha toleo la ME, yaani Management Engine, uniandikie linasomekaje. Windows nako, Device Manager, chini ya System devices, kuna Intel Management Engine Interface. Ina alama ya njano? Na swali la mwisho: ukiiacha mashine inafanya kazi, inajizima yenyewe ikifika nusu saa?

Kijana_wa_Kihonda

Dada Mwanaidi, wewe ni fundi au mganga?

MAC ya kwanza 88-88-88-88-87-88. MAC ya pili 88-88-88-88-87-88. Serial namba za bodi zote mbili ni moja, na si ile iliyobandikwa kwenye boksi. ME version: 0.0.0.0. Alama ya njano ipo, inasema Code 10, kifaa hakiwezi kuanza. Kujizima hapana, zinashinda zimewaka tangu asubuhi.

Sasa mbona zinafanana hivi?

Mwanaidi_Chipu

Zinafanana kwa sababu zimeandikiwa faili moja, faili la bodi ya mtu mwingine. Hiyo 88:88:88:88:87:88 si anwani ya mashine yoyote. Ni namba ya kujazia nafasi inayokuja kwenye faili la kadi ya mtandao ya Intel kabla kiwanda hakijaandika ya kweli. Ukiikuta kwenye mashine, jua chipu ya BIOS imeandikwa upya nzima na aliyeandika hakujishughulisha kurudisha vitu vya mwenye bodi. Mbili zikikutana kwenye swichi moja, swichi haijui pakiti impe nani, ndiyo huo unyang'anyi unaouona. Swichi yako ni nzima.

Nije kwenye ovakloki, maana hapa mafundi wengi wanapita mbiombio.

Chipu ile ya miguu minane watu wanaiita ya BIOS, lakini BIOS ni mpangaji mmoja tu humo. Mwanzoni kabisa kuna descriptor, kilobaiti 4, ambayo ni ramani: inasema nani anaishi wapi na nani ana ruhusa ya kusoma au kuandika kwa nani. Inafuata GbE, kilobaiti 8, ndimo MAC ilimo kwa bodi zenye mtandao wa Intel kama yako, ambayo ina I218-V. Kisha inakuja ME, na BIOS yenyewe inakaa mwisho.

ME ni kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipset (chipu kuu ya bodi), ina prosesa yake na programu yake, na inaamka kabla i5 yako haijafumbua macho. Watu wanaijadili sana kwa habari za usalama. Sisi wa gemu inatuhusu kwa jambo moja: saa. Tangu chipset za Sandy Bridge, 2011, saa kuu ya bodi iliingizwa ndani ya chipset, na anayeipanga ni ME. Wewe ukiandika BCLK 101, BIOS haiigusi saa, inaiomba ME. XTU nayo ikitaka kusogeza saa hiyo inapitia kwenye dereva ileile uliyoikuta na njano. ME isipoitika, BIOS inaficha mistari ambayo haina uwezo wa kuitimiza, na vitelezi vya XTU vinakuwa vya kijivu. Prosesa zako hazina kosa lolote.

Nimekuuliza habari ya nusu saa kwa sababu chipset hizi zina kipima muda. ME ikiharibika kuanzia mwanzo wake kabisa, mashine inakatwa umeme baada ya dakika 30, uwe unafanya nini. Za kwako hazikatiki. Maana yake kile kipande cha kwanza cha kuamshia ME kipo na kinafanya kazi, kilichoharibika kiko mbele yake.

Na EZ Flash haikusaidia kwa sababu kazi yake hasa ni eneo la BIOS. Eneo la ME mara nyingi inaliruka. Ungeweza kusasisha mpaka mwaka uishe na 0.0.0.0 ikabaki pale pale. Kuna watu watakwambia utumie FWUpdLcl, programu ya Intel ya kusasisha ME. Usipoteze muda: inahitaji ME iliyo hai ili izungumze nayo, na hata ikikubali inabadilisha programu, data iliyoharibika inaiacha.

Kinachotakiwa ni kuisoma chipu kwa nje na kuiandika vizuri. Una programa, kile kifaa cha kusomea na kuandikia chipu?

Kijana_wa_Kihonda

Sina, ila kuna jamaa hapa mjini ana ile CH341A nyeusi, anaweza kuniazima. Je, siwezi kufanya ndani ya Windows? Nimeona mtu YouTube anatumia FPT, ile programu ya Intel ya kusoma na kuandika chipu.

Mwanaidi_Chipu

FPT inategemea descriptor imeruhusu au la. Jaribu `fptw64 -d nakala.bin`. Ikikupa Error 26, ramani imeikataza prosesa kusoma eneo la ME, na hapo kuna ujanja wa kugusanisha mguu wa 1 na wa 5 wa chipu ya sauti wakati wa kuwasha, ili chipset isahau ile ruhusa kwa muda. Nimefanya kwenye bodi ambazo chipu yake imechomelewa. Kwenye Z97-A sioni sababu ya kuhangaika na pini nyembamba vile, kwa sababu chipu yenu iko kwenye soketi, DIP ya miguu minane. Unaing'oa kwa mkono, taratibu, upande huu kidogo na upande ule kidogo, unaichomeka kwenye programa. Hata klipu huhitaji.

Kibo_PC

Kabla hajaazima hiyo nyeusi aambiwe. CH341A nyeusi ya kawaida inaipa chipu 3.3V kwenye mguu wa umeme, lakini nyaya za data zinatoka na 5V. Chipu za W25Q64, aina ya hizo za BIOS, zimeandikiwa 2.7 mpaka 3.6V. Ama atafute ile yenye swichi ya kuchagua volteji, ama apate iliyorekebishwa ili chipu ya CH341A yenyewe ilishwe 3.3V.

Mwanaidi_Chipu

Kibo kasema kweli. Nimeona W25Q nyingi zikivumilia zile 5V, lakini kuvumilia siyo ruhusa. Chukua iliyorekebishwa. Na bodi mpya zaidi ziwe mbali nayo kabisa, baadhi zina chipu za 1.8V, zile ukizipa hata 3.3V tu umeziua.

Haya, kijana, kaa chini usome mpaka mwisho kabla hujagusa kitu.

Zima, toa waya wa umeme, toa betri. Kabla ya kung'oa chipu piga picha alama ya mguu wa 1 imeelekea wapi. Kwenye programa kuna upande wa chipu za 25 na upande wa 24; ya kwako ni 25. Soma kwa programu unayoipenda. Mimi natumia Linux, kwa hiyo kwangu ni `flashrom -p ch341a_spi -r soma1.bin`, halafu naichomoa chipu, naichomeka tena, nasoma `soma2.bin`, na naziwekea `sha256sum`. Zisipolingana herufi kwa herufi, mguu mmoja haujagusa vizuri, usiendelee. Faili liwe na baiti 8,388,608, pungufu au zaidi hapana. Lihifadhi mahali pawili hata kama unajua ni bovu. Najua watu wanafuta lile bovu kwa hasira, kisha kesho wanalitafuta.

Lifungue kwa HxD, programu ya kuonyesha baiti. Kwenye 0x10 utaona 5A A5 F0 0F, hiyo ndiyo saini ya descriptor. Kwenye 0x1000 utaona 88 88 88 88 87 88, unaijua. Kwenye 0x3010 utaona $FPT, mlango wa ME. Kama vyote vipo, ramani ni nzima. Sasa fanya hivyo kwa bodi ya pili, ulinganishe maeneo ya ME ya faili mbili. ME iliyo hai huandika mambo yake humo kila mara, kwa hiyo bodi mbili zilizotumika haziwezi kuwa na eneo la ME linalofanana baiti kwa baiti. Zikifanana, hakuna hata moja iliyowahi kuamka tangu zilipoandikwa. Lipitishe faili pia kwenye MEAnalyzer, programu ya kuchambua ME, uone inasema nini.

Nikwambie na mawazo yangu kuhusu hizi dampu, yaani nakala zilizosomwa kwenye chipu. Mafundi wana flashi zimejaa faili za `Z97-A_OK.bin`, zimepita mikono kumi, hakuna anayejua nani alisoma na kama alisoma mara mbili. Kuiandikia bodi faili la namna hiyo ni kumpa mtu cheti cha kuzaliwa cha mwenzake, na hapa hata hicho cheti chenyewe kimechanika. Mashine inawaka, mteja analipa, na hakuna anayeangalia ME. Faili zuri lipo bure kwa mtengenezaji, kwa nini watu wanalikimbia? Kwa sababu ukiliandika kama lilivyo kwa programa halikubali kuwaka. Lina kichwa cha baiti 2,048 mbele yake.

Basi ufanye hivi. Shusha BIOS ya Z97-A kwenye tovuti ya Asus, lile la .CAP. Hakikisha ni Z97-A yenyewe, siyo Z97-A/USB 3.1, hizo ni bodi mbili. Lifungue kwa UEFITool, bofya mstari wa juu kabisa wa kapsuli, toa mwili wake bila kichwa. Au kwa HxD futa kuanzia 0 mpaka 0x7FF, ni kitu kilekile. Likibaki na baiti 8,388,608 kamili na 5A A5 F0 0F imekaa kwenye 0x10, una picha nzima: ramani, GbE, ME safi na BIOS. MEAnalyzer itakuonyesha ME ya 9.1, aina ya Stock, 1.5MB. Neno la Stock ndilo unalolitaka, maana yake haijawahi kuamshwa kwenye bodi yoyote.

Hapa wapo watakaokwambia utumie Flash Image Tool ya Intel kujenga picha upya. Ni chombo kizuri, na kwa bodi ambazo faili la mtengenezaji lina BIOS peke yake hakuna njia nyingine. ME ya jumla ukiipachika mikono mitupu inaweza kuamka na namba yake ya toleo, lakini mipangilio ya saa ambayo mtengenezaji aliiweka kwa bodi yake haimo, na wewe unaitafuta saa hiyohiyo. Ndiyo maana kule unahamisha mipangilio kutoka picha ya zamani kwenda mpya. Kwako Asus wamekuwekea vyote kwenye faili moja, huna haja ya kujipa kazi.

Kilichobaki ni kuirudishia bodi jina lake. Asus wanaweka serial, UUID (namba ya pekee ya mashine) na MAC kwenye moduli inayoanza na FD44 ndani ya BIOS, na kuna programu ndogo mbili za mtu anayejiita CodeRush: FD44Copier inahamisha data kutoka dampu ya zamani kwenda faili jipya, FD44Editor unaandika mwenyewe. Copier haikufai, dampu yako ina serial ya mgeni. Tumia Editor, andika serial ya boksi lako na MAC iliyo kwenye stika ya bodi.

Baadaye fungua tena HxD uhakikishe 0x1000 imebadilika, na 0x2000 pia, kwa sababu GbE ina nakala mbili. Ukilazimika kuandika kwa mkono, kuna hesabu: chukua baiti 128 za mwanzo za GbE, zijumlishe mbilimbili kama namba za biti 16, baiti ndogo ikitangulia, jumla iishie 0xBABA. Neno la mwisho la hizo 128, lililo kwenye 0x7E kutoka mwanzo wa nakala, ndilo unalirekebisha mpaka jumla ikubali. Isipofika BABA dereva ya mtandao inaweza kuikataa kadi.

Andika, acha programu ihakiki, rudisha chipu kwa kufuata ile picha uliyopiga. Betri na umeme virudi baada ya dakika moja hivi. Mara ya kwanza inaweza kuwaka, kuzima, na kuwaka tena yenyewe. Usishtuke, usiguse. Ikitulia, endesha MEInfo, inayosoma hali ya ME, halafu MEManuf, inayoijaribu, uniandikie.

Babu_Volti

Marahaba binti. Nimesoma yote, nimejifunza. Swali la mzee: kwa nini kuisumbua serial na UUID? Mashine si itawaka tu hata bila hivyo?

Mwanaidi_Chipu

Itawaka, babu. Lakini huyu ana mashine mbili kwenye chumba kimoja, na programu za kusimamia kompyuta za biashara nyingi hutambua mashine kwa UUID. Zikifanana, ukiizima moja kwa mbali inaweza kuzimika nyingine. Dakika tano za FD44Editor ni bora kuliko hayo.

Kijana_wa_Kihonda

Nimerudi na habari.

Nilifanya ya kwanza na jamaa mwenye programa, ile iliyorekebishwa. Tulilinganisha maeneo ya ME ya bodi mbili kama ulivyosema: sawasawa, baiti kwa baiti. Na kuna sehemu kubwa katikati ya ME imejaa FF tupu, ukurasa kwa ukurasa, wakati ukifungua ya Asus mahali palepale pamejaa. Aliyesoma hiyo dampu mara ya kwanza mguu wake haukuwa umegusa vizuri, basi faili likazunguka hivyohivyo mpaka likanifikia.

Nimekata baiti 2,048, ukubwa ukakaa. MEAnalyzer ikaandika 9.1, Stock. Nimeweka MAC ya stika na serial ya boksi. Kuwaka mara ya kwanza ilizima na kuwaka mara mbili, jamaa akataka kuchomoa waya nikamshika mkono. MEInfo inasoma 9.1 na tarakimu zake, MEManuf imepita, njano kwenye Device Manager imeondoka.

Ai Tweaker: BCLK imerudi. Maltiplaya 44 inashika. Nimeipa volteji 1.20, nimeiwekea Prime95, programu ya kuikamua prosesa, wakati wa kufunga, imetulia. Na mtandao haujakatika tena.

Tatizo liko kwa ya pili. Stika ya MAC imebanduliwa, sijui lini, na boksi lake sina. Hiyo anwani nitaitoa wapi? Niweke yoyote?

Mwanaidi_Chipu

Hongera, na mpe jamaa yako pole ya mkono.

Kwanza tafuta upya: stika huwa kwenye soketi ya pini 24 au juu ya tundu la mtandao kwa nje. Pia kama mashine hiyo ilikuwa na anwani ya kudumu kwenye ruta yako kabla haijaenda kwa fundi, ruta inaweza kuwa bado ina MAC ya zamani kwenye orodha yake. Fungua ukurasa wa ruta uangalie.

Ikikosekana kabisa, anza na 02, kisha baiti tano utakazochagua mwenyewe. 02 inaiambia mitandao kwamba anwani hii imetungwa na mwenye mashine, haijatolewa kwa kampuni yoyote, kwa hiyo haitagongana na kadi ya dukani. Baiti ya kwanza isiwe witiri, kwa sababu namba witiri pale ni alama ya ujumbe wa kundi na kadi haitafanya kazi nayo. Usinakili ya bodi ya kwanza ukabadilisha tarakimu ya mbele tu, utajichanganya siku ya kusoma orodha ya ruta. Serial iache wazi kama huijui, UUID itungwe mpya.

Na ule ugonjwa wake wa kujizima na kujiwasha usiutegemee uondoke kwa hili. Ukibaki, angalia pawasapulai kabla ya kurudi kwenye chipu.

Mtoto_wa_Ukonga

Dada Mwanaidi, na mimi nidandie hapahapa. Nina Pentium G3258 kwenye bodi ya H81. Ilikuwa inakwenda 4.2, nikaweka BIOS mpya, maltiplaya imefungwa 32. ME inasoma namba yake vizuri, njano hakuna, MAC ni ya kweli. Nami nisome chipu?

Mwanaidi_Chipu

Hapana, acha chipu ipumzike. ME yako ni nzima, hakuna kilichoharibika.

G3258 ilitoka 2014 kwa ajili ya miaka 20 ya jina la Pentium, maltiplaya wazi, 3.2 GHz. Intel walitaka ovakloki ibaki kwenye bodi za Z, zile ambazo jina la chipset linaanza na Z. Watengenezaji bodi wakaifungua mpaka kwenye H81, Intel wakajibu kwa microcode (programu ndogo ya ndani ya prosesa) mpya ambayo ikikuta chipset si Z inafunga. BIOS yako mpya imekuja na hiyo. Rudisha BIOS ya zamani iliyokuwa inakubali. Bodi ikigoma kushuka toleo, hapo ndipo utahitaji programa, na utaandika faili la mtengenezaji kwa utaratibu uleule niliompa kijana, GbE na serial vikabaki vyako.

Ukimaliza, Windows 10 nayo hupakia microcode yake wakati wa kuwaka, faili linaitwa `mcupdate_GenuineIntel.dll`, liko kwenye System32. Bodi kama yako mwaka 2015 ziliganda kwa ajili ya faili hilo. Ukilibadilisha jina, Windows inatumia ile ya BIOS. Lakini marekebisho ya usalama yanayokuja kwa njia hiyo unayakosa, kwa hiyo iwe mashine ya gemu tu, mambo ya benki fanyia simu. Na sasisho kubwa la Windows likipita, faili linarudi, unaanza tena.